Mzinga wa Futari wa Mwalimu Shawqi

Jumapili, 16 Machi

Hasira imenipanda tangu asubuhi na bado haijashuka. Wanafunzi wamejipanga mistari uani, Haji Abdel-Tawwab, mwalimu mkuu wetu, akashika kipaza sauti na kutangaza Wiki ya Sayansi. Mwalimu atakayeng'ara Alhamisi mbele ya mkaguzi ndiye atakuwa mkuu wa idara. Kiti changu hicho! Nafundisha fizikia hapa mjini Minya tangu nilipokuwa na nywele. Nikageuka, nikamwona Wagdi wa kemia anatabasamu. Anatabasamu nini? Kila mwaka volkano. Siki na magadi, povu jekundu, wazazi makofi. Ndiyo sayansi hiyo?

Mwaka huu atanijua. Ni Ramadhani, na Alhamisi tunafuturu uani pamoja na wazazi. Natengeneza mzinga! Mashine yenye jicho la kuhisi mwanga. Jua likizama, spika inalipuka kwa mlio wa mzinga wa futari, kama ule unaopigwa kutangaza magharibi. Samiha, mke wangu, akauliza kwani msikiti ulio chini ya dirisha letu umekosa nini. Nimefunga, sitaki kupoteza thawabu kwa kubishana.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeijaribu katika chumba cha walimu. Haji akasimama dirishani, ule mwili wake ukaziba mwanga wote, mzinga ukalia asubuhi kweupe. Mwalimu wa jiografia akaruka na kiti chake. Wagdi akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akajifanya rafiki, akauliza: likija vumbi la khamsini, ule upepo wa jangwani, je? Dunia ikiwa kahawia mchana, mashine itajuaje kama ni magharibi? Wivu mtupu! Nikamwambia ashughulike na siki yake.

Jumatano, 19 Machi

Akili yangu, mashallah. Mwaka jana simu zote zilirekodi volkano ya Wagdi, mji mzima ukaiona. Mwaka huu hapana. Nikaenda kwa Haji, nikaisifu kanzu yake mpya, nikamwambia simu zinaharibu heshima ya futari. Akakubali! Simu zote ziwekwe kwenye ndoo getini. Na nani anahitaji kuangalia saa kukiwa na mzinga wangu? Nimerudi nyumbani kifua mbele. Samiha akasema, "Baba Yara, ukitembea hivyo utagonga nguzo." Nyumba hii haina heshima.

Alhamisi, 20 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Alasiri ukaja upepo wa khamsini. Mbingu ikawa rangi ya chai ya maziwa, kisha rangi ya kahawa. Watu wamejifunika vitambaa, meza zimejaa, mkaguzi ameshika tende. BUUM! Mzinga wangu! Jamani, ulilia vizuri! Mkaguzi akala tende. Haji akamaliza bilauri nzima ya ukwaju, akamvamia bata. Hakuna aliyeuliza adhana iko wapi. Nani angeisikia adhana katika upepo ule?

Wagdi peke yake hakula. Yeye Mkristo, yuko katika Kwaresima, na sahani yake ya maharage alikuwa hajaigusa, anatusubiri kwa adabu. Akasimama anatuonyesha saa yake ya mkononi. "Bado, jamani! Bado!" Nikamkata mbele ya wote. "Futari yetu inakuhusu nini wewe?" Watu wakacheka, wakaendelea kula. Nami nikala. Sana.

Tulikuwa tumefika kwenye kitamutamu, kunafa, vumbi lilipotulia. Jua likatoka. Jua! Liko juu ya paa la maktaba, linatukodolea. Mkaguzi akatema tende, ambayo haikuwa ya kwanza. Haji akaniangalia, mfupa wa bata bado mkononi, akasema polepole kwamba shule nzima sasa ina siku ya kulipa, na mbele ya Mungu atanitaja kwa jina.

Ukuu wa idara akapewa Wagdi palepale. Na volkano yake hata hakuiwasha!

Jumamosi, 22 Machi

Wagdi kaja nyumbani. Na sinia ya keki za basbusa, ya sisi kula baada ya futari! Nilijificha chooni, Samiha akanitoa. Nilitaka anitukane, nami nimtukane, tumalize. Mtu huyo akasema amemwomba Haji asinihamishe shule, kwamba wazo la mzinga ni zuri, linahitaji tu jicho la pili la kutofautisha vumbi na usiku, na kwamba angependa tulitengeneze pamoja. Nilimtukania imani yake mbele ya umati, naye ananitetea. Samiha akaninyooshea kidole: mwombe radhi. Nikamwomba. Nilikuwa namaanisha, wallahi.

Kisha akaondoka, nikafikiri vizuri. Kunitetea! Yeye mkuu, mimi msaidizi, nishike bisibisi! Hapana. Futari ni jambo dogo. Mji huu kila mwaka unagombana kuhusu mwezi wa Idi, kila mtu na macho yake. Mashine ya kuuona mwezi! Haji mwenyewe atanibusu kichwa.

Jioni nimeitobolea mashine jicho jipya, nikaitega katikati ya mji, kwenye roshani yetu. Imeuona mwezi papo hapo! Nimeshamtumia Haji ujumbe awaandae watu kwa sala ya Idi kesho. Samiha anasema ile ni taa ya duka la dawa. Hata yeye sasa ananionea wivu.