Saa ya Mwenyekiti Iliyoliwa Mpakani

Jana saa kumi jioni tulikuwa tumeuzunguka mtungi wa malwa, pombe ya ulezi inayotiwa maji moto, kwa Mama Asekenye, hapa Kireka, kila mtu na mrija wake mrefu mdomoni. Mara Injinia, fundi simu wetu, akachomoa wake na kuinua simu.

"Wazee, tiketi ya Mwenyekiti wetu wa mtungi hii hapa! Juzi kaondoka Entebbe saa tatu asubuhi, Kigali katua saa tatu kasoro tano."

"Asubuhi ya kesho yake?" akauliza Spika, mchinja mbuzi.

"Ileile!"

"Kafika kabla hajaondoka? Injinia, kamba hizo kawafungie mbuzi wangu."

"Sikiliza, we mzee. Ni kilomita mia tatu na arobaini, dakika hamsini na tano angani. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja."

"Basi akienda kila siku atarudi ujanani!"

"Kwa sura ile? Labda ahamie humo ndegeni."

Tulicheka hadi malwa ikanitokea puani. Spika hakuridhika. "Na wakati wa kurudi?"

"Wanakunyang'anya saa yako. Unaruka saa saba, unatua saa tisa kasoro tano."

"Wezi!"

Kabla hatujamaliza kuwalaani, Mwenyekiti mwenyewe akatokea, begi begani, mrija wa marehemu baba yake kwapani ndani ya ala ya kitambaa. Huo mrija alikwenda nao hadi Kigali. Mimi namheshimu, ila kwa mtungi hana breki.

"Mama Apio kaapa," akasema juu ya mkewe huku akiketi. "Nikipitia hapa kabla ya nyumbani, anaukata mrija huu. Kwa hiyo navuta mara mbili tu."

Hizo mara mbili zilichukua saa nzima. Aliposhtuka, ilishagonga kumi na moja na nusu.

"Nimekwisha! Mrija wa baba!"

"Tulia," Spika akamshika bega. "Mwambie saa imeliwa mpakani. Si uongo, hata Injinia kasema."

"Lakini saa ya kutua kwenye tiketi imeshaihesabu saa hiyo," nikamtahadharisha.

"Wewe nyamaza. Mwanamke ataanza kupiga hesabu za ndege?"

Mwenyekiti akatabasamu, akatafuna majani ya mpera kuua harufu, akaondoka anatembea kama waziri.

Hapo ndipo nilipokumbuka, nikachelewa kumwita. Mama Apio anauza vitenge. Kila wiki mbili yumo kwenye basi la Kigali. Mpaka wa Katuna anaujua kuliko jikoni kwake, na saa yake ya mkononi anaigeuza hata akiwa usingizini.

Leo Mwenyekiti kaja mapema. Kaichomoa ala, akatoa mrija. Ulikuwa nusu. Ilibidi apige magoti na kuinamia mtungi, kipara kikifukizwa na mvuke wa maji moto.

"Pole, mzee," Spika akasema, sauti ikimtetemeka kwa kicheko. "Kaukata kweli?"

"Anasema hajaukata." Mwenyekiti akanyonya, akafuta paji la uso. "Anasema umeliwa mpakani. Nikitaka nusu ya pili, nipande basi nikaitafute, na nikiiona, niirudishe pamoja na ile saa yangu."