Pua ya Immakulata na Pikapu Yangu

Jumatatu, 3 Agosti 1953. Rwamishenye.

Balaa! Immakulata amegoma kupanda pikapu. Anasema inanuka petroli. Mimi sisikii kitu. Nimevuta hewa hadi kifua kikauma: tumbaku ya kiko changu tu, na kahawa ya maganda niliyobeba jana. Nikamweleza kwa upole kwamba mjamzito hunusa hata yasiyokuwepo. Akanyamaza. Kunyamaza kwake nakujua, si kukubali.

Jumamosi lazima nimfikishe Ijumbi kwa mama yake, Ma Kokuhirwa, ajifungulie huko. Mtoto wetu wa kwanza! Na nimeshawatangazia watu wa Ijumbi, kuanzia katekista, kwamba mke wa Mwijage atafika amekaa mbele, kwenye gari la mumewe. Sasa anasema harufu isipoisha atapanda lori la Anatory. Anatory! Aliyepeleka posa kwao kabla yangu! Afadhali nimbebe mgongoni.

Jumanne, 4 Agosti.

Nimelikagua gari mwenyewe, mbele hadi nyuma. Halina kasoro. Hata tangi. Kifuniko chake kilipotea Mei, nikaziba mdomo kwa jani kavu la mgomba, nikalikunja barabara kama baba anavyoziba kibuyu cha rubisi. Baba husema jani linashinda kizibo cha dukani, maana pombe inapata kupumua. Miezi mitatu sasa, halijachomoka hata mara moja!

Nikaweka mchaichai chini ya kiti, na kikapu cha kahawa iliyokaangwa. Immakulata akaja, akainama dirishani, akatapikia gurudumu. Nimeosha gurudumu. Kabla ya hapo nilimshika mgongo. Ana mifupa midogo, jamani. Sikuwahi kuiona hivyo.

Jumatano, 5 Agosti.

Mjini kwa Uledi fundi. Amefungua kabureta, amekaza paipu ya mafuta, amelala chini ya gari na kuinuka bila kuona hata tone. Akauliza harufu huzidi lini. Nikamwambia mke wangu anadai huzidi tangi likijaa, na tukipanda mlima. Akasema basi autazame mdomo wa tangi. Nikakataa katakata. Tangi nimelikagua mwenyewe. Tena sikutaka aibe ufundi wa baba bure.

Uledi akasema haya, ila akaniomba jambo moja: nisivute kiko ndani ya gari hilo. Watu wa mjini waoga! Nimevuta kiko njia nzima hadi nyumbani.

Alhamisi, 6 Agosti.

Anatory amepita na lori lake, akasimama, akamsalimia Immakulata kwa adabu zote. Akauliza kama atahitaji mto wa kukalia, maana barabara ni mbovu. Ana mto! Nikamjibu kwamba nyumba hii haina shida ya mito. Immakulata akaniuliza baadaye kama aliyeulizwa ni mimi. Nimeshinda nikijaza gunia majani makavu. Linachoma.

Ijumaa, 7 Agosti.

Aibu. Asubuhi Immakulata ametoka, tumbo mbele, akaanza kulinusa gari taratibu. Mlango. Kiti. Ubavu. Akasimama penye tangi, akachomoa jani langu. Limelowa chapachapa! Akalikamua, petroli ikadondoka. Akasema kibuyu anajua kinapumua. Je, na tangi nalo? Nilikuwa na kiko mdomoni, kinawaka.

Akakitazama kiko. Akaketi kwenye nyasi akalia. Akasema si harufu inayomkosesha usingizi. Ni mimi. Kila nikiondoka na gari lile na kiko kile, hukaa akisikiliza barabarani hadi nirudi. Anataka mtoto akizaliwa amkute baba yake.

Nikazima kiko, nikampa akitunze. Nikaketi naye. Sikujua kama kuna mtu ananisikiliza barabarani. Nampenda mwanamke huyu kuliko gari. Nimeandika, sifuti.

Jioni. Uledi anasema kifuniko kinachoingia kipo kimoja tu Bukoba nzima: kwenye sanduku la vyuma vya Anatory. Nilizunguka nyumba yake mara tatu kabla ya kubisha hodi. Akakitoa, akakifuta kwa shati lake, akakataa kulipwa chochote. Akasema nimfikishe salama. Mtu wa ajabu sana. Akanipa na mto. Nimeuchukua.

Jumamosi, 8 Agosti. Ijumbi.

Tumefika! Tangu Muhutwe alilala begani kwangu. Mkono ulikufa ganzi, sikuusogeza. Katekista ametuona. Ma Kokuhirwa ameniletea kahawa za kutafuna, akauliza nani aliyemaliza ile harufu mwanawe aliyomwandikia. Nikasema ni mimi. Immakulata akakohoa.

Jumatano, 19 Agosti.

Binti! Kemilembe! Kichwa chake kinaenea kiganjani. Nimelia mbele ya mama mkwe, nikasingizia moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Jumapili, 30 Agosti.

Ubatizo leo. Tulipokuwa tukienda kanisani, kifuniko cha rejeta kiliruka, kikapotelea migombani. Sikukiona. Lakini mtu hujifunza kwa makosa! Kosa la mara ile lilikuwa jani kavu, kavu hunyonya. Safari hii nimeziba kwa jani bichi. Tena maji hayanuki.

Immakulata, na mtoto kifuani, akasema anasikia kitu kinachemka huko mbele. Nikamweleza kwa upole kwamba mzazi husikia hata yasiyokuwepo.

Akanyamaza.