Sindano Iliyopenda Manukato

Jumatatu, 3 Machi
Kumekucha. Profesa katangaza: Ijumaa kila mtu aonyeshe kihisi chake cha gesi. Nafasi ya shahada ya udaktari ni moja, tumebaki wawili. Atakayeshindwa afunge virago. Mpinzani wangu tunamwita Daftari, maana hata akipiga chafya anaandika. Nyuzi za kihisi chake, za oksidi ya zinki na nyembamba kuliko unywele, zinanusa gesi vizuri. Zangu zimeota pia. Ila hazina habari na gesi.

Jumanne, 4 Machi
Nimezifungulia gesi ya kupikia mara tisa. Sindano ya kipimo haikutikisika. Mama kapiga simu. Majirani wameshaanza kumwita mama wa daktari. Nimejifungia chooni nikalia.

Jumatano, 5 Machi
Nimeinamia kihisi nikitukane, sindano ikaruka hadi mwisho. Nikarudi nyuma, ikashuka. Kumbe manukato yangu! Ya bei poa, spiriti tupu. Daftari angeandika. Mimi nimepanga: Ijumaa Profesa akifungua mtungi wa gesi tu, nasogeza mkono wenye manukato. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi. Daftari kaniuliza mbona nanukia kama bwana harusi. Nimemjibu wivu haujengi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejimwagia chupa nzima. Sindano ikaruka Profesa hajaugusa mtungi. Akanitoa nje, ikashuka. Akaniita, ikapanda. Kanipitisha mlangoni mara tano, watu wote wanatazama. Nikatamani ardhi inimeze.

Kibaya zaidi, hakukasirika. Kasema kihisi kinachonusa mvuke wa spiriti kwa mbali hivyo hajawahi kukiona humu maabarani. Ningekuja na vipimo, nafasi ingekuwa yangu. Kaniuliza nimeandika wapi. Nimeandika humu tu, pamoja na hila yenyewe. Ningemwonyeshaje? Nafasi kapewa Daftari. Na kihisi changu kapewa yeye akiendeleze. Nimekwisha.

Jumamosi, 8 Machi
Sijamwambia mama. Sina mdomo wa kumwambia.

Jumapili, 9 Machi
Profesa anataka maandishi? Atayapata. Nimenunua daftari jipya, najaza vipimo vya kila siku tangu Januari. Kalamu tatu tofauti, na madoa ya chai yaonekane ya zamani. Safari hii sikosei hata nukta. Nimeshafika tarehe 30 Februari.