Futi Iliyoanzia Sita

Nestory alimwona yule mama tangu anashuka kwenye pikipiki, amekumbatia kompyuta kubwa kama debe la mahindi, na papo hapo akaacha kula muhogo. Mjini Mugumu alijulikana kama fundi kompyuta. Nani alimpa huo ufundi, Mungu ndiye ajuaye. Alitoka Geita kuja kuchimba dhahabu Kerende, sururu ikamshinda, akahamia kwenye kazi ya kukaa kivulini na kulaghai watu. Alikuwa na kibanda cha steshenari, kompyuta moja ndogo ya kukunja, printa moja na ulimi. Hivyo ndivyo vilivyomlisha, na zaidi ya hivyo hakuwa na kitu.

"Shikamoo mama," akasema kwa sauti ya mtu anayetoka kanisani, akampokea mzigo.

Mama huyo aliitwa Waisiko, wa kijiji cha Nyansurura. Akaitikia marahaba, akaeleza shida yake taratibu. Kompyuta ni ya mwanawe Joram. Vyombo vya ndani ni vikubwa, lakini yeye pa kuiweka hana, ana kirafu cha shubiri mbili tu. Anataka kasha dogo la kompyuta, ila vya ndani viingie vyote. Akaangaza angaza pale dukani, akachagua kasha jeusi lililokaa pembeni limejaa vumbi.

Nestory akafungua ubavu wa lile debe. Lahaula! Ndani kulikuwa na kadi ya picha yenye feni tatu, ile ambayo vijana wa kuhariri video za harusi wangeinunua kwa bei ya ng'ombe wawili. Mate yakamjaa. Mama wa shamba anamiliki kitu kama hiki, na yeye, mjanja wa mjini, anachapa barua za watu za kuomba kazi! Akaiona hiyo ni dhuluma, na akajiteua mwenyewe kuirekebisha.

Kusema kweli, kadi ingeingia. Kasha lile lilitengenezwa hivyo makusudi, dogo kwa nje, ndani limeachiwa nafasi ya kadi ndefu. Mama alikuwa amechagua vizuri kuliko fundi mwenyewe. Lakini ukweli haujawahi kumzuia Nestory. Akapima nafasi ya kasha kwa rula ya shule, ikasoma thelathini na mbili. Kisha akachomoa futi ya fundi cherehani, aliyoikata mwenyewe sentimita sita za mwanzo kwa shughuli kama hizi, akapima kadi. Ikasoma thelathini na sita.

"Umeona mwenyewe, mama. Haiingii popote hii."

Waisiko akaiinamia futi. "Mbona hapa inaanza na sita, fundi? Moja iko wapi?"

"Vyombo vya kompyuta havianzi na moja, mama. Moja ni ya nguo."

Jibu la kipuuzi namna hiyo, na mtu mzima mwenye ndevu analitoa bila hata kupepesa macho! Mama akaguna tu, akarudi kukaa.

Hapo Nestory akajifanya kumhurumia. Akasema yuko tayari kujiumiza: mama achukue kompyuta yake ndogo, inayofanya kazi, amwachie hilo debe. Waisiko akauliza kwa nini fundi asiiwashe kwanza hiyo kubwa aione. Nestory akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akiiwasha, mama ataona picha zinavyong'aa, atajua thamani yake. Akadai umeme wa siku hiyo ni mbaya.

Mama akasita tena, akauliza kama hiyo ndogo inaweza kuchapa. Nestory akaongeza printa. Akaongeza na bunda la karatasi. Mzigo wote akaufunga yeye mwenyewe kwenye pikipiki kwa mpira, tena kwa uangalifu.

Mama alipoondoka, Nestory akaazima kioo cha kompyuta kwa jirani, akajifungia, akakiunganisha, akawasha. Feni zote tatu zikazunguka. Taa nyekundu na za bluu zikakipendezesha kibanda kizima. Kioo kikabaki cheusi tii, saa moja, saa mbili, mpaka akaanza kukiomba kwa jina la Bwana.

Asubuhi Mwalimu Beatrice, mteja wake wa kila wiki, akaja kuchapisha mtihani. Nestory akamwambia mashine inapumzika. Mwalimu akaenda zake. Ilipofika saa nne, Nestory akampigia Waisiko kwa namba aliyomwachia, hasira zimempanda.

"Mama, kadi yako ni mbovu!"

"Joram alisema iliungua tangu Pasaka," Waisiko akajibu kwa upole. "Nikajua fundi ukiiwasha utaona. Ukakataa kuiwasha."

"Basi nirudishie kompyuta yangu. Nitakula nini mimi?"

"Nitairudishaje, fundi? Ndiyo kwanza nimefungua kibanda changu hapa hapa mjini, Morotonga. Hebu subiri kidogo, kuna Mwalimu Beatrice hapa, ana mtihani wa kuchapa."

Na kwenye simu Nestory akaisikia printa yake ikianza kuvuta karatasi.