Yoti ya Longinus

Kama yule mama muuza karanga angetumia jani la mgomba siku ile, Longinus angekwenda zake nyumbani na dunia ingeendelea salama. Lakini alimfungia karanga kwa karatasi iliyochanwa kwenye gazeti la Wazungu, na Longinus alikuwa mtu wa kuchungulia kila kitu, hasa kisichomhusu. Akasimama katikati ya soko la Kasulu, akaikodolea macho picha iliyokuwa humo. Aliona chombo cheupe juu ya maji ya buluu, na ndani yake Wazungu, wake kwa waume, wameshika bilauri za vinywaji na wamevaa vichupi, basi.

"Hii ni nini, ndugu yangu?" akamuuliza fundi saa aliyekuwa jirani, mtu aliyewahi kuishi Dar es Salaam.

"Hiyo yoti. Matajiri wakiwa likizo wanakwenda nayo majini, wanakunywa, wanaogelea, wanarudi."

"Nguo zao ziko wapi?"

"Si wamevua! Utaogelea na suti?"

"Nauliza wamemwachia nani."

"Nitajua mie? Zimo humo humo chomboni."

Longinus akaacha kutafuna. Tangu apate akili alikuwa anamaliza mate yake kuwatenganisha watu na mali zao, kumbe kuna mahali ambapo tajiri anavua mwenyewe, saa, viatu na suruali, kwa hiari yake, tena huku anacheka! Kidogo machozi yamtoke.

Na alikuwa na haraka. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tatu, watu wanahamishiwa vijijini, na mzee Stanislaus, balozi wa nyumba kumi, alikuwa amemwita akamwambia bila kupepesa macho: "Longinus, shamba huna, kazi huna, mke huna. Saba Saba ikipita, Jumatatu lori linakwenda kijijini Rungwe Mpya na wewe umo. Ukalime na wenzio." Jembe Longinus alikuwa analiona tu likipita mabegani mwa watu, na hata hivyo kiuno kilimuuma. Dawa ilikuwa moja tu: apate vitu vya thamani kabla ya Jumatatu hiyo, apande treni ya Tabora, asionekane tena. Basi akauza kitanda, akauza godoro, akang'oa mlango wa chumba akauuza nao, akanunua kreti za bia. Akabaki na suti yake ya kijivu, ambayo ndiyo iliyokuwa mtaji wa ujanja wake wote.

Wageni wa yoti aliwachagua kwa makini. Wa kwanza alikuwa Ndugu Kipriani, afisa kutoka mkoa wa mbali, mwenye saa ya dhahabu na sauti ya mkutano wa hadhara hata akiomba chumvi. Huyu ndiye aliyesimamia malori ya kuhamisha watu, na Longinus aliona ni haki ya Mungu aanze na yeye. Wa pili alikuwa Mwalimu Pasikali, aliyetembea na redio yake kila mahali, hata msalani. Wa tatu ni Mama Uwimana, mwanamke wa mwili mkubwa na hereni nzito za dhahabu, aliyekimbia kutoka Burundi mwaka uliotangulia na furushi moja la vitenge, na sasa nusu ya wanawake wa Kasulu walikuwa wamevaa alichowauzia.

"Ni bure," Longinus alimnong'oneza kila mmoja peke yake. "Kampuni ya ng'ambo inaleta yoti Ziwa Tanganyika. Inatafuta watu wachache wenye sura na hadhi, wapigwe picha za kalenda. Uvae vizuri: saa, hereni, redio, vyote uje navyo. Na usimwambie mtu, watanizingira kwa maombi."

"Na vinywaji?" aliuliza Ndugu Kipriani.

"Bia. Ya chupa."

"Ya bure?"

"Bure kabisa, Ndugu Afisa."

Ndugu Kipriani akautazama ukuta kwa uso wa mtu anayepima maslahi ya taifa. "Wananchi lazima wawakilishwe," akasema.

Mama Uwimana yeye aliuliza jambo moja tu. "Chombo ni cha nani?"

"Cha kampuni, mama."

"Ego," akajibu. Hiyo ni ndiyo ya kwao Burundi, na jinsi alivyoisema ungeweza kudhani amekubali.

Jumapili, siku moja baada ya Saba Saba, badala ya kwenda misani walishuka Kigoma kwa lori, mpaka ufukwe wa Kibirizi. Yoti ilikuwa inawangoja. Ilikuwa boti ya dagaa ya bwana mmoja anaitwa Omary, imepakwa chokaa nje, na chokaa yenyewe ilishaanza kuyeyuka majini. Ndani kulikuwa na viti vya kukunja vilivyoazimwa baa na mwavuli mweusi uliofungwa kwenye mti wa taa. Longinus na Omary walishapatana: wageni wakiingia majini tu, injini inawashwa, na mali inagawanywa nusu kwa nusu nyuma ya rasi.

"Mbona inanuka dagaa?" akauliza Mwalimu Pasikali.

"Ni dawa ya mbao, Mwalimu. Ulaya wanailipia."

Walikwenda mpaka kwenye ghuba tulivu, mbali na watu, pwani yake ina wanawake wachache tu wanaoanika dagaa mchangani. Omary akazima injini. Longinus akafungua chupa ya kwanza, povu likapanda, akamkabidhi Ndugu Kipriani kwa mikono miwili. Ndugu Kipriani akaipeleka mdomoni, Mwalimu Pasikali akamshika mkono.

"Ngoja, Ndugu Afisa. Mwenyewe hajaonja."

Jamani, kulewa ujanja ni kubaya. Longinus, Muha wa kuzaliwa, alikuwa amesahau kwamba huku mtu hanywi pombe ya kuletewa kabla aliyeileta hajaionja mbele ya macho ya watu. Tena si kulamba. Unameza, na koo lionekane likipanda na kushuka, ndipo wageni wajue wako salama. Akacheka, akapiga funda moja la nguvu, akairudisha. Akafungua ya Mwalimu.

"Hiyo nayo," akasema Mama Uwimana.

"Lakini mama, zimetoka kreti moja!"

"Mtungi ni mtungi. Hiyo ina kizibo chake. Weye uliingia ndani ukaona?"

Longinus akamtazama Ndugu Kipriani amwokoe. Ndugu Kipriani, ambaye mila hiyo aliisikia leo, akatikisa kichwa kwa uzito. "Mila za wananchi ziheshimiwe."

Basi ikawa kila chupa inayofunguliwa, Longinus anaonja. Wageni walikuwa na kiu, na kila mmoja alipomaliza yake aliomba nyingine, na mafunda matatu ya watu watatu yote yalipita koo moja. Kufikia kreti ya pili Longinus alikuwa anawapenda wote, na alimwambia Omary mara kwa mara kuwa yeye ni ndugu yake wa tumbo moja.

"Sasa, wapendwa," akasema, ameshika mwavuli asianguke, "tunaogelea! Vueni, mpiga picha yuko njiani!"

Hakuna aliyetikisika. Hawa walikuwa watu wa milimani. Kwao maji ni kitu cha kuchota.

"Yana mamba," akasema Mwalimu Pasikali, amekumbatia redio.

"Hayana! Ni matamu, ya vuguvugu!"

"Umeyaonja?" akauliza Mama Uwimana.

Angekuwa hajalewa, Longinus angepata la kusema. Lakini ulimi ulikuwa umelala. Akavua koti la suti akalikunja vizuri, akavua suruali, viatu na soksi, akabaki na chupi ya kaki, akajitupa. Maji yakamfika kifuani.

"Matamu!" akapiga kelele. "Karibuni!"

Mama Uwimana hakumwangalia. Alikuwa amehamisha kiti chake karibu na injini. "Omary, kaka yangu," akasema kwa upole, "mimi nimezaliwa Rumonge, ziwa hili nimekua nalo. Chombo kikisubiri waogeleaji kinatia nanga. Wewe nanga hujaitia, na mkono wako uko kwenye kamba ya injini tangu tufike. Huyu amekuahidi nini?"

Omary akatazama maji. Akatazama mikono ya Mama Uwimana, iliyozoea kubeba majora ya vitenge. "Nusu, mama," akasema.

"Nusu ya nini?"

"Ya... nguo zenu. Na saa. Na redio."

Mwalimu Pasikali alipiga yowe kama mtu aliyetajiwa jina la marehemu. Ndugu Kipriani akasimama, boti ikayumba, akakaa tena. "Kikao kimefunguliwa," akatangaza.

Longinus akashika ukingo wa boti. "Naomba kuchangia, Ndugu Mwenyekiti."

"Huna nafasi. Uko nje ya ukumbi."

Kikao hakikuchukua muda. Iliamuliwa kwamba suti, viatu na bia iliyobaki vimetaifishwa, na Mama Uwimana ndiye mtunza mali. Iliamuliwa pia kwamba Longinus aende pwani kwa miguu yake, na kesho lori la Rungwe Mpya limpe kiti cha mbele. Vidole vyake vikabanduliwa ukingoni kimoja kimoja.

Akakokota miguu mpaka mchangani, akakaa, anatetemeka, pombe inamtoka. Mlango ameuza, suti imekwenda, na kesho jembe. Hapo akasikia sauti ya Mama Uwimana ikipita juu ya maji, tamu kama ya mtu anayepima kitambaa.

"Sasa maji si yameonjwa? Mwenyewe kazama mpaka kifuani, na yuko pale mzima. Au mtarudi Kasulu mkaseme mlifika ziwani mkaogopa?"

Longinus akainua kichwa. Akamwona Ndugu Kipriani anafungua vifungo. Akamwona Mwalimu Pasikali anaiweka redio juu ya kiti, taratibu, kama anayelaza mtoto. Mama Uwimana anapokea kila kitu, anakunja, anasifu vifua vyao. Na Omary, mkono kwenye kamba.

Ilikuwa kazi yake ile! Ilikuwa akili yake, neno kwa neno, na inafanywa vizuri kuliko ambavyo angeifanya yeye. Akaruka juu. Kwa mara ya kwanza tangu abatizwe alijikuta anasema ukweli, tena kwa sauti yake yote.

"Msiingie! Ndugu Afisa, vaa suruali! Atawaacha!"

"Mwone mwongo!" akajibu Ndugu Kipriani, maji yako kifuani. "Ana wivu huyo!"

"Mwalimu, nakuapia kwa mama yangu mzazi!"

"Mama yako umeshamchangishia rambirambi mara tatu!" Mwalimu Pasikali akafoka, akajitumbukiza.

Injini ikanguruma. Ndugu Kipriani alidhani ni mpiga picha anakuja, akatabasamu kuelekea upande usio wenyewe. Alipogeuka, boti ilishageuza pua kuelekea kaskazini. Mama Uwimana alikuwa ameketi chini ya mwavuli, saa ya dhahabu mkononi, koti la kijivu mabegani, redio inapiga muziki mapajani.

"Nagasaga!" akawaaga kwa lugha ya kwao, akipunga mkono. Omary hakugeuka nyuma.

Wanaume watatu wenye chupi wakakutana mchangani. Ndugu Kipriani akakohoa, na sauti ilikuwa ndogo, si ya mkutano tena.

"Longinus, ndugu yangu. Jambo hili lisifike Kasulu."

Longinus akafuta pua. Hata akiwa uchi alijua bidhaa akiiona. "Na lori la Rungwe Mpya, Ndugu Afisa?"

"Lori gani? Mimi silijui lori lolote. Lisifike Kasulu tu, na wewe hutashika jembe maisha yako yote."

"Halifiki!" akasema Longinus, wakapeana mikono. Alikuwa karibu kucheza ngoma. Suti si kitu, mlango si kitu, kiuno kimepona!

Wale wanawake wa dagaa walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakasema masharti: pindueni dagaa mpaka jioni, mtapata khanga moja moja kuukuu na nafasi juu ya magunia, lori letu linaondoka alfajiri. Watatu wakapindua dagaa. Mwalimu alilia kidogo kwa ajili ya redio. Longinus alipiga mluzi siku nzima.

Na katika furaha yake hakujiuliza jambo ambalo hata dagaa wenyewe walilijua. Lori la dagaa haliteremshi mizigo vichochoroni. Jumatatu, jua limeshapanda na watu wamejaa, dereva alirudi kinyumenyume mpaka katikati kabisa ya soko la Kasulu, akashuka, akafungua mlango wa nyuma kwa kishindo. Juu ya magunia walikuwepo Longinus, Mwalimu Pasikali na Ndugu Kipriani, wamejifunga khanga kwapani, wananuka. Ya Ndugu Kipriani iliandikwa *Mwenye Wivu Ajinyonge*.

Soko zima likageuka kuwatazama. Kando yao lilikuwa limesimama lori la Rungwe Mpya, limejaa watu na majembe, na mzee Stanislaus amevua kofia.

"Ndugu Afisa," akasema mzee kwa heshima zote, "tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Ndipo soko likapasuka kwa kicheko. Akina mama waliangusha vikapu. Ndugu Kipriani akashika khanga yake vizuri, akatazama huku na huku, kisha akamnyooshea kidole jirani yake.

"Mkamateni huyu mzururaji!"

"Ndugu Afisa!" Longinus akalia. "Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana lisifike Kasulu," akasema Ndugu Kipriani. "Limefika."

Longinus akapitishwa juu kwa juu kutoka lori hili kwenda lile, miguu haikugusa ardhi, na kabla halijatoka sokoni mtu alikuwa ameshampa jembe alishike.