Pini Moja Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mama ametangaza. Magoti yamegoma kukanyaga, cherehani inaondoka. Jumapili ya tarehe kumi na sita anatimiza miaka sabini na mitano, na siku hiyohiyo ataamua iende kwa nani. Zawadi za dukani hataki hata kuziona. Kila mmoja alete kitu alichokitengeneza mwenyewe, na atakayeonyesha kwamba ana mkono ndiye atakayeibeba.

Watoto tuko wawili tu, Dada na mimi. Dada aliniuliza kwa sauti ya huruma kama bado kutia kifungo kunanishinda. Nikamjibu kwamba watu hubadilika. Akasema ndiyo, amewahi kusikia.

Kwa kumbukumbu: mimi ni karani wa masjala. Mkono wangu unajua mihuri. Cherehani siihitaji kwa lolote. Lakini Dada akiipata ataiweka sebuleni na kuipandishia chungu cha maua, na hilo silikubali. Nilikua chini ya cherehani ile. Nilikuwa nakaa kando ya kikanyagio naokota vifungo huku Mama akishona sare za wauguzi. Haya si ya kuandika. Basi, nimeshaandika.

Ugumu uko hapa: Mama ameshona miaka arobaini, na nguo haiangalii usoni. Ukimpa kitu anakigeuza kwanza, anasoma mishono ya ndani kama wengine wanavyosoma barua. Kwenye harusi ya binamu yetu alishika pindo la gauni la bibi harusi, akaligeuza, akaridhika, ndipo akampa mkono.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata jibu. Keki! Keki haina mishono. Ageuze atakavyo.

Nimechukua ruhusa ya nusu siku kwa sababu za kifamilia. Unga, mayai, siagi, sukari. Nimepima kila kitu kwa kikombe cha ofisini, maana ndicho ninachokiamini. Nikaitia ovenini na kuifungulia mlango kila baada ya dakika tano kuona maendeleo. Maendeleo yalikuwepo mwanzoni. Kisha katikati ikaanza kuzama. Nikazidi kufungua kuikagua. Ikazidi kuzama.

Shimo nimelijaza jamu. Mke wangu alirudi kazini, akaizunguka ile keki mara moja, akauliza nani ameikalia. Kisha akaniuliza kwa nini nisimwambie tu Mama kwamba naitaka ile cherehani. Nimemweleza kwamba mambo hayaendi hivyo. Akasema sawa, Bwana Mipango, akaenda kuoga.

Jumamosi, 8 Machi

Keki haijapotea bure. Nimeipeleka kwa Dada kama salamu, shabaha yangu ikiwa kupeleleza.

Alichelewa kufungua mlango. Kulikuwa na kitambaa cha bluu chenye maua meupe kinachungulia chini ya mto wa kochi. Akakikalia harakaharaka, akaanza kulalamika kwamba vidole vimemwisha kwa sindano. Nilivitazama vidole. Laini kama vya mtoto mchanga! Akaniuliza nimeoka mwenyewe? Nikasema ndiyo. Akasema inaonekana, mdogo wangu, akaifunika kwa bakuli. Nilipokuwa nikitoka nilisikia kuku wa jirani wakishangilia.

Anatengeneza kitu cha kitambaa. Lazima nimzidi kwa ukubwa. Nimeamua blanketi la viraka, la kulala watu wawili. Viraka ninavyo: mashati yangu ya zamani, mapazia tuliyoyaondoa jikoni, na gauni moja la mke wangu ambalo sijamwona akilivaa siku za karibuni.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu alikuwa akitafuta gauni. Nimetoka nyumbani mapema.

Nimemwachia Fundi wa kona ya soko ile kazi yote. Ni mtu mzima, mkimya, ana kikohozi, na mashine yake inalia kama mlango wa ghala. Watu wanasema mshono wake hauna mfano. Nikamwambia wazi shida yangu ni hiyohiyo. Blanketi hili linatakiwa lionekane limeshonwa na mimi. Ashone vibaya kidogo.

Alinitazama kama daktari aliyeombwa amkate mgonjwa mguu usiouma. Akasema atajaribu. Akapitisha mstari mmoja uliopinda, akautazama, akaufumua palepale mbele yangu, akaomba radhi. Akasema mkono unakataa. Aliyemfundisha kazi alikuwa mama mmoja mkali, ukipinda mshono anakuchapa vidole kwa futi, kisha anakupa chai.

Sikuuliza ni mama gani. Sikuwa nimekwenda kusikiliza historia.

Pembeni palikuwa na furushi la kazi ya mteja mwingine. Bluu, maua meupe. Kitambaa hicho kimekuwa cha kawaida mno siku hizi.

Alhamisi, 13 Machi

Blanketi liko tayari. Janga! Ni zuri kupita kiasi. Viraka vimekutana kona kwa kona, huwezi kupenyeza ukucha. Nimelaza shavu langu juu yake dakika nzima.

Nimemkumbusha Fundi makubaliano yetu. Akasema ameniachia nafasi ya kiraka kimoja, pembeni upande wa kushoto, nikishone mwenyewe, ili nikiulizwa niapie bila kuona haya. Akanipa sindano, uzi na subana ya kukinga kidole. Nimemwambia subana sihitaji.

Ijumaa, 14 Machi

Nilihitaji subana.

Nimeshonea chini ya meza, masjala. Kiraka ni cha shati langu la kwanza la kazi. Kilikuwa kinateleza, nikakishikiza kwa stepla, pini sita, kisha nikashona juu yake. Mkuu wa ofisi alipita akauliza ninafanya nini huko chini. Nikasema napanga mafaili ya zamani. Akasema vizuri, akanipongeza kwa bidii. Nimejichoma mara kumi na moja. Kiraka kimekaa kama kimetupwa pale na upepo. Pini zote nimezitoa.

Jumapili, 16 Machi

Nitaandika kwa utulivu.

Sebule ya Mama, saa nane mchana. Cherehani iko dirishani, imefutwa vumbi, imetiwa mafuta. Dada ametoa kitambaa cha meza na mito minne. Bluu, maua meupe. Akasimulia majuma ya mateso, akavionyesha vile vidole. Mimi nikatandaza blanketi. Dada akakatiza sentensi, akaviteremsha vidole. Nilifurahi, siwezi kusema uongo humu.

Mama akavaa miwani. Akageuza mto mmoja. Akageuza blanketi. Akaviweka mgongo kwa mgongo mapajani mwake, akapitisha kidole mwisho wa mshono huu, kisha mwisho wa mshono ule. Kila mstari ulimalizika kwa fundo dogo lililorudi nyuma mara tatu. Akavuta pumzi. Akauliza, kwa upole kabisa, Fundi hajambo? Kikohozi chake kimepoa?

Dada akauliza fundi gani. Mimi nikauliza fundi gani. Tangu utotoni hatujawahi kukubaliana haraka hivyo.

Mama akasema lile fundo amelibuni yeye, na amemfundisha mtu mmoja tu, kwa miaka sita, kwa kumchapa vidole. Akasema anashukuru kwamba wanawe wote wawili wana jicho la kuchagua fundi.

Kisha akafika kwenye kiraka cha kushoto. Kidole kikasimama. Akasogeza miwani. Akachomoa kitu kwa kucha, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Pini ya stepla.

Kumbe nilitoa tano.

Mama alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho kwa ncha ya blanketi. Akauliza kiraka hiki ni cha nani. Nikamjibu upesi kwamba hayo ni makosa ya Fundi na nitamlalamikia. Akasema Fundi hata akiwa na homa ya digrii arobaini hawezi kutoa kazi ya aina hiyo. Akarudia swali, akinitazama. Nikasema kwa kweli sijui, labda kimetoka kiwandani hivyo.

Mke wangu akaangalia dari. Alipoteremsha macho akaliona gauni lake, safu ya tatu ya blanketi. Hayo ni mazungumzo mengine, tuliyafanya njiani tukirudi.

Uamuzi: cherehani anapewa Fundi. Mama amesema ni yeye pekee aliyeleta kazi ya mkono wake, tena mara mbili. Dada akasema hata hakuwa na pa kuiweka. Mimi nikasema hata sisi.

Alasiri yote Mama alikaa na blanketi magotini, hiyo pembe ya kushoto ikiwa juu, anasuguasugua kile kiraka kwa kidole gumba. Kukirekebisha, nadhani. Hakukirekebisha.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi amekuja na mkokoteni. Nimeshika upande mzito, upande wa kikanyagio. Hakuna aliyeniomba. Alipoona namna nilivyougusa aliniuliza kama ningependa kuja dukani siku moja moja kuikanyaga. Nikasema nina kazi nyingi.

Mama naye ameniita pembeni. Ameniambia nije Jumamosi, tukae wawili, anifundishe kushona kwa mkono, pole pole. Amesema itamfurahisha kuliko zawadi yoyote. Nimemwambia Jumamosi zangu zimejaa. Akatikisa kichwa. Kisha akasema bado lipo kopo la vifungo, na mwakani ataamua liende kwa nani. Dada aliinua shingo kama twiga.

Nimekaa na kuyapima yote yaliyotokea. Kosa langu liko wazi: nilimchukua fundi mzuri. Kilichomgusa Mama ni ule mshono mbovu. Huo tu ndio alioushika alasiri yote.

Nikitoka kazini leo nimepitia ng'ambo ya barabara, kwa fundi mwingine, yule ambaye suruali zake hazilingani miguu. Nimemwagiza aproni ya Mama. Nimemsihi asijisumbue. Amesema hajawahi.

Nimemwachia na stepla ya ofisi. Pini moja tu, upande wa kushoto.