Sindano Niliyoizuia Mimi

Alhamisi, 1 Juni 1995

Nimeshuka Morogoro na karoti. Zimeisha mapema, sababu mimi najua kuongea na wateja. Kabla sijapanda mlima nimepata habari nzito. Muuza mitumba pale sokoni, mtu wa akili, ana redio mbili, kaniambia sindano wanazochomwa wajawazito zinafunga kizazi. Unazaa huyo mmoja, basi. Kufuli! Nikauliza kwa nini wafanye hivyo. Akasema mzee wangu, siku hizi mipaka imefunguliwa, makoti yanaingia, redio zinaingia, unadhani hao wa nje wanatupenda tu? Nikaona kweli. Na koti lenyewe nilikuwa nimelishika.

Njia nzima nimemuwaza Yustina. Huyu ni mtoto wa dada yangu Yuliana, ana mimba ya miezi sita. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Na katika nyumba yetu mwanamke wa kuzaa amebaki yeye peke yake. Wengine wote tumezaliwa madume. Akifungwa kufuli ndiyo mwisho wetu, na mashamba ya kule juu mtoni wataingia wageni.

Mjomba ni mimi. Sindano haiingii mpaka niseme. Na sisemi.

Mtoto wake wa kwanza alikufa mwaka jana, siku ya saba. Mdomo ulifunga, akakakamaa, basi. Yalishapita. Habari hiyo siiandiki.

Ijumaa, 2 Juni

Nimetangaza amri nyumbani kwa dada. Nimesimama, sikukaa. Yustina akaendelea kuchambua mboga. Aliyejibu ni Victor, shemeji yangu, baba wa Yustina. Huyu alifanya kazi kiwandani kule Turiani miaka kumi na miwili, amerudi anajiona daktari. Kasema sindano ni ya pepopunda, ameisikia redioni, inamkinga mama na mtoto pia. Nikamkumbusha kwamba baba katika ukoo wetu ni mgeni wa heshima. Anapewa kiti, hapewi neno. Kasema sawa shemeji, ila yule mgeni ndiye aliyechimba kaburi mwaka jana.

Maneno ya hovyo. Nimeondoka bila kumaliza uji. Ulikuwa na sukari.

Jumatano, 7 Juni

Kesho nesi anakuja na kliniki ya mkoba, kwenye kibaraza cha kigango. Nimefikiri usiku kucha. Mimi nimesoma hadi darasa la tatu misheni, nikawa wa nne. Tulikuwa watano. Kwa hiyo akili ninayo. Bila kadi ya kliniki mtu hachomwi sindano. Basi kadi ipotee!

Yustina alipokwenda kuteka maji nikaitoa chini ya godoro. Pa kuificha? Kwangu watapekua. Nikaupata mzinga wangu wa zamani, ule uliohamwa na nyuki tangu Pasaka. Nikaingiza mkono wote na kadi.

Walikuwa wamerudi.

Alhamisi, 8 Juni

Jicho la kulia halifunguki. Naandika kwa la kushoto.

Nesi anaitwa Mwanaidi, mtu wa mjini, mdogo tu. Kaniamkia shikamoo vizuri, akauliza mzee umepatwa na nini. Nikasema jino. Akanitoa miba mitatu ya jino mbele ya akina mama wote. Nilivumilia kiume. Wanaosema nililia waulizwe walisimama wapi.

Kadi haikusaidia. Yustina kasema haioni, nesi kajibu si neno dada, jina lako limo kwenye daftari langu. Mpango wa wiki nzima umekufa hivyo.

Yustina akakaa. Akapandisha mkono wa gauni. Nikaona sindano inavutwa dawa. Hapo nikasimama mbele yake, nikasema mimi ndiye mjomba, ukoo umekataa. Nesi kasema kwa heshima kwamba mwenye mkono ndiye mwenye kuamua, akamtazama Yustina. Yustina akanitazama mimi. Akatazama tumbo lake. Sijui alikuwa anahesabu nini. Mwisho akashusha mkono wa gauni na kuondoka.

Nimeshinda! Hakuna aliyenipongeza. Wanawake walinipisha njia kama mtu aliyebeba jeneza.

Jumapili, 11 Juni

Baada ya misa dada ameitisha kikao cha ukoo. Nilivaa koti. Nilidhani ni cha kunishukuru.

Dada Yuliana si mtu wa kelele. Kaniuliza kaka, kitovu cha yule wa kwanza kilikatwa na nini. Swali gani hilo? Wote wanajua. Mvua ilinyesha siku ile, mkunga akachelewa ng'ambo ya mto, mimi nikatoa kisu changu. Kisu maarufu. Ninacho tangu mwaka wa Uhuru, kimechinja nguruwe, kimekata miwa, kimechokonoa kwato, hakijamdhuru mtu. Kasema nesi amemweleza kwamba pepopunda hukaa kwenye udongo na uchafu, na mlango wake kwa mtoto mchanga ni pale pale kitovuni.

Nikasema nilikifuta kwanza.

Akauliza nilikifutia nini.

Nikasema suruali.

Jogoo wa padri aliwika, nikamshukuru moyoni.

Mzee Yakobo, mkubwa wetu wote, akakata shauri. Kasema desturi ni desturi, mjomba akisema amesema. Lakini anayesema ndiye anayebeba. Mtoto huyu akikakamaa kama mwenzake, Ernest, yaani mimi, atachimba peke yake na kuzika peke yake. Hakuna atakayemshika mkono. Akaniuliza kama nakubali. Nikasema nakubali. Sauti ilitoka ndogo. Vumbi la kiangazi.

Sikula.

Jumatatu, 12 Juni

Yustina kaja asubuhi na magimbi ya moto. Nikajua anakuja kuomba msamaha. Akapiga goti, akaniamkia, akakaa anamenya. Kisha akaniuliza. Mjomba, kizazi kikifungwa huyu akaishi, au kizazi kikae wazi na huyu afe, wewe ungechagua lipi?

Swali la kike. Nikamweleza habari ya chui niliyemkimbiza mwaka hamsini na nane. Nilieleza vizuri, mpaka magimbi yakapoa. Alisikiliza yote. Kisha akasema, bila kuinua uso, kwamba mwaka jana maziwa yalikuja mengi baada ya kuzika. Siku nne alikuwa anayakamulia kwenye majivu.

Nikamweleza chui tena.

Kasema asante mjomba, nimesikia. Akaondoka. Magimbi yake sikuyamaliza, na mimi magimbi huwa siachi.

Jumatano, 14 Juni

Yustina na mumewe Amani wamesema wanashuka mjini kuuza karoti. Nikanusa hila. Nikasema nakwenda nao. Amani kasema karibu mjomba, tena utatusaidia kubeba. Mtoto wa watu ana adabu. Kanipa gunia kubwa.

Sokoni sikumwacha Yustina hatua mbili. Akienda kwa muuza chumvi nipo. Akikohoa nipo. Nilikuwa askari kamili. Halafu nikamwona yule mtu wa redio mbili. Nikamfuata anipe ushahidi zaidi wa kuwanyamazisha akina Victor. Akaniuliza sindano ipi mzee? Nikamkumbusha. Akasema aa, hiyo aliisikia tu kwa mtu wa basi. Nikauliza mtu gani. Akasema alishashuka. Nikamuuliza wake zake yeye walichomwa? Kasema wote wawili. Na watoto wangapi baada ya hapo? Akahesabu vidole, akahamia mkono wa pili.

Huyu naye ameshanunuliwa. Inasikitisha.

Nilipogeuka Yustina hayupo. Nikalizunguka soko mara tatu, nikaanguka juu ya nyanya za mama mmoja, tukakosana. Baada ya kama saa nzima nikamkuta pale pale kwenye karoti, ametulia, anakula chungwa. Kasema alikwenda chooni. Mkono wa kushoto ameushikilia. Nikauliza vipi, kasema karoti mjomba, nzito. Na gunia nilibeba mimi! Wanawake wa siku hizi hawana nguvu.

Hila yoyote iliyokuwepo nimeivunja.

Jumatano, 12 Julai

Mjini tena na Yustina. Nimelinda tena. Chooni tena. Mimba inasumbua. Mkono ule ule wa kushoto umemuuma. Jioni nyumbani nimemshauri abebee kulia. Kasema mjomba una maono. Victor alikuwepo, akakohoa mpaka akatoka nje.

Kliniki ya mkoba ya mwezi huu nesi hakunisumbua hata kidogo. Amenikubali.

Jumapili, 27 Agosti

Amezaa! Msichana!

Sikuwepo. Juzi dada alimshusha kwenda kusalimia ndugu, kumbe ndugu mwenyewe anakaa jirani na kituo cha afya, uchungu ukamshika huko huko. Amani kapanda mlima anakimbia kuniletea habari. Nimemuuliza kitovu wamekata na nini. Kasema wembe mpya mjomba, wameufungua kwenye karatasi mbele ya macho yangu. Nikasema vizuri. Sijui kwa nini niliuliza.

Nimepiga vigelegele mwenyewe, maana wanawake wote walikuwa mashambani. Ukoo umepata tumbo jipya. Nimewatangazia jirani wote kwamba nilizuia sindano na Mungu ameleta msichana.

Halafu nikakumbuka hata siku moja haijatimia.

Ijumaa, 1 Septemba

Wamerudi nyumbani. Siku ya tano leo. Mtoto ananyonya. Nimepita kwa dada mara nne, mara ya kwanza kuazima shoka, mara ya pili kurudisha shoka, mara ya tatu na ya nne sikumbuki. Mtoto ananyonya. Yule wa kwanza siku ya tano naye alikuwa ananyonya.

Mzee Yakobo nimekutana naye njiani. Alilitazama jembe langu begani.

Jumapili, 3 Septemba

Siku ya saba.

Misa sikwenda. Nimekaa nyuma ya nyumba ya dada tangu alfajiri, kwenye migomba, palipo na ufa ukutani. Sikuwa nachungulia. Nilikuwa nasikiliza. Mtoto akilia nashtuka. Akinyamaza nashtuka zaidi. Saa nne alinyamaza muda mrefu. Nikasema moyoni maneno ambayo siyaandiki hapa, yalikuwa kati yangu na Mungu, na yalikuwa na kisu ndani yake.

Kisha nikamsikia ananyonya. Sauti ile, kama ndama. Ana pupa huyo! Ni wa kwetu kabisa.

Mara Yustina akatokea dirishani, akasema mjomba, ingia ndani, baridi itakuua, uji upo. Alijuaje nilipo sijui. Nikasema nilikuwa nakagua migomba. Kasema naona. Nikaingia, akanipa mtoto nimshike. Mdomo unafunguka wote. Shingo laini. Vidole vikanikamata ndevu.

Nililia kidogo. Moshi wa jikoni.

Alhamisi, 28 Septemba

Mtoto ana mwezi, mnene, jina ni Rosa. Kijiji kizima nimekieleza: hakuna sindano, na mtoto mzima! Victor nilimweleza mara tatu. Kila mara anasema hongera shemeji, umelinda, na midomo inamcheza. Wivu.

Leo nesi Mwanaidi kaja na kliniki. Muuza mitumba mwingine, huyu ana redio tatu, alikwisha kunionya kwamba sasa wana sindano ya watoto wachanga, ya begani, inapunguza akili za shule. Nikamwahi nesi pale kibarazani. Nikamwambia huyu Rosa wetu hachomwi begani, mjomba amekataa. Nilijiandaa kwa vita. Vita haikuja. Kasema sawa mzee wangu, leo begani simchomi, nakuahidi. Mara moja! Akina mama wote wakainamisha vichwa, wengine mabega yanatikisika. Hofu. Wameshajua uzito wa neno langu.

Jioni nimempakata Rosa. Bega la kulia ana kipele kimoja, kimevimba, kina usaha kidogo kileleni. Nimemgombeza Yustina kwamba mtoto ameumwa na mbu na yeye anamtazama tu. Nikamwamuru anunue chandarua. Kasema ndiyo mjomba, mbu wa kituo cha afya ni wakali.

Mbu wa kituo cha afya! Na watu wanakwenda kuzalia huko. Mwakani akipata mwingine nitamzuia asishuke.